Maswali ya Safari: Siku Nne Pangani

Toleo lililopita nilitaja Pangani kwa mistari mitatu tu, nikimjibu msomaji aliyeuliza habari za Tanga. Barua zilizofuata zimezidi za miezi sita iliyotangulia. Basi safari hii nafasi yote naipa Pangani. Nilizaliwa pale, mtaa wa nyuma ya soko, na ingawa nimeishi Tanga mjini zaidi ya miaka thelathini, nikisikia mtu anajiandaa kwenda Pangani moyo unanienda mbio kama vile nimealikwa mimi. Nimechagua barua nne.

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Nataka kuwapeleka Pangani mke wangu, watoto wawili wa miaka 9 na 6, na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua. Nimepanga Pasaka kwa sababu ni siku nne mfululizo. Watoto wamesikia habari za kisiwa cha Maziwe na hawaniachi nilale. Tupange vipi?
Mwalimu, Moshi

Marahaba mwanangu, na mama mfikishie salamu zangu.

Nianze na Pasaka: iache. Pasaka huangukia mwishoni mwa Machi au Aprili, na Aprili kwetu ni masika. Mvua ya masika hunyesha usiku kucha, asubuhi ikapumua kidogo, ikarudi. Mto unashuka na tope la bara, na bahari iliyo mbele ya mji inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mto huo ni wenu kabla ya kuwa wetu. Maji yanayoteremka Kilimanjaro na Meru hukutana bwawa la Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme kule Hale na Pangani Falls, ndipo yakatufikia sisi mdomoni. Waambie watoto hilo kabla hamjaondoka, ili wakifika wajue wanayatazama maji waliyoyaacha nyumbani.

Sasa Maziwe. Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibikiwa, nami nitakaa hapa kidogo.

Maziwe ni fungu la mchanga juu ya matumbawe, katikati ya bahari, mkabala na kijiji cha Ushongo. Nilipokuwa mtoto kilikuwa kisiwa hasa, kina mivinje, na wavuvi walikuwa wanapumzika kivulini. Kasa walikuwa wanapanda kutaga kwa wingi mno. Miti ikafa, mchanga ukaliwa na mawimbi, na kuanzia miaka ya 1980 hakuna mti hata mmoja. Siku hizi maji yakipwa kisiwa kinatoka, yakijaa kinazama chote. Kwa hiyo swali la kwanza la safari yako si "tutalala wapi", ni "maji yanapwa saa ngapi siku ile".

Saa hizo mwezi ndio unaozipanga. Kwetu, siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu ndizo siku za bamvua: maji yanapwa sana na yanajaa sana. Katika bamvua ya pwani yetu, maji yanakuwa yamekupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, na yanakuwa yamejaa kabisa karibu saa kumi jioni. Kila siku inayopita, saa hizo zinasogea mbele kwa karibu dakika 50. Baada ya wiki moja mnaingia siku za maji mafu, ambapo maji hupwa kidogo, tena hupwa alasiri, wakati upepo umeshaamka na mashua inapigwa mawimbi.

Kwa hiyo chagua siku ambayo tarehe ya mwezi wa Kiislamu ni 1, 2 au 3, ama 15, 16 au 17. Hata kama wewe si Mwislamu, tarehe hizo zimo kwenye kalenda nyingi za ukutani. Siku hizo mnaondoka na mashua saa mbili au saa tatu asubuhi, bahari ingali tulivu, mnafika kisiwa kikiwa kinatoka majini, mnacheza, mnaogelea, na saa sita mko njiani kurudi.

Nakueleza kwa kirefu kwa sababu mwenyewe nilikosea. Mwaka mmoja walinijia ndugu wa Dar es Salaam na watoto wao, siku ya bamvua kamili. Mwezi nilikuwa nimeutazama vizuri, lakini saa sikuzishika. Wageni walitaka kwanza wale pilau, wakapumzike, ndipo tutoke. Tukapanda mashua saa nane. Tulipofika mahali penyewe nahodha alizima mashine, akaturuhusu tuangalie: maji ya kijani kibichi, na chini yake, kama mita moja na nusu, mchanga mweupe. Kisiwa kilikuwa pale pale chini yetu. Mtoto mdogo wa binamu yangu alishika ukingo wa mashua akauliza, "Kimekufa?" Sijasahau lile swali. Nilimwambia hapana, kimelala, kitaamka usiku. Ila wao kesho yake alfajiri walikuwa na basi.

Miezi ninayoipenda kwa familia yenye watoto ni Oktoba na mwanzo wa Novemba, upepo wa kusi ukiwa umechoka na wa kaskazi haujaingia. Bahari inalala. Januari na Februari pia ni nzuri, ila joto ni kali na mama yako atateseka. Nane Nane hewa ni baridi na mvua ni kidogo, lakini kusi bado inavuma, kwa hiyo asubuhi tu ndiyo ya kutoka baharini. Kama sikukuu ya tarehe 14 Oktoba itaegemea Jumamosi na Jumapili, na mwezi ukawa mzuri, usiulize mara mbili. Kama haikuegemea, omba ruhusa ya siku mbili kwa mkuu wa shule yako na ufuate mwezi. Ni heri siku tatu za bamvua kuliko nne za maji mafu.

Njia: kutoka Moshi mabasi ya Tanga yanapita Same, Mombo, Korogwe hadi Segera, halafu yanakata kuelekea Muheza. Ni safari ya kutwa kwa mtu mwenye magoti mabovu. Ziko njia za kukatia Muheza moja kwa moja hadi Pangani, lakini mama asirushwe kwenye vumbi siku hiyo hiyo. Laleni Tanga usiku wa kwanza. Asubuhi ni kama kilomita 50 kwenda Pangani kwa njia ya pwani, na barabara hii wamekuwa wakiijenga kwa lami, sehemu ya barabara kubwa itakayounganisha Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo.

Njiani simameni Tongoni, nusu saa inatosha. Kuna msikiti wa kale uliobaki kuta, na makaburi zaidi ya arobaini, mengine yana nguzo za mawe zilizokuwa zimepambwa kwa bakuli za kigeni. Mbele ya pwani hiyo ndipo Vasco da Gama, akirudi kutoka India mwanzoni mwa mwaka 1499, alipoichoma moto meli yake moja, São Rafael, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli tatu. Mtoto wa miaka 9 atalishika hilo.

Mkifika Pangani, fikieni mjini, msikimbilie ng'ambo. Mji uko ukingo wa kaskazini wa mto, na Bweni iko kusini. Jioni ya kwanza mchukue mama mkamketishe karibu na kivuko, mahali penye kivuli, mumnunulie dafu. Hatapanda mashua ya Maziwe, na msimshawishi: maji yakipwa mashua inakaa mbali, unatembea kwenye tope na mawe mpaka magotini. Lakini kivuko kitamtosha. Kinakuja kimebeba pikipiki, magunia ya nazi, akina mama na ndoo za samaki, wanafunzi waliokunja suruali, mbuzi mmoja anayelia njia nzima. Kinagusa ukingo, mlango wa chuma unaanguka kwa kishindo, na wote wanatoka pamoja. Daraja jipya linalojengwa, lenye urefu wa mita 525, litakapofunguliwa tutavuka kwa dakika moja. Nalifurahia, kwa sababu nimeona wajawazito wakisubiri kivuko usiku. Lakini kama unaweza kumpeleka mama yako kabla, mpeleke.

Siku ya pili, kama hiyo ndiyo ya bamvua, vukeni alfajiri mwende Ushongo, kama kilomita 15 kusini, mpande mashua huko. Ni karibu zaidi na Maziwe kuliko mjini. Maziwe ni hifadhi ya bahari na mna kiingilio cha kulipa. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje. Hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa. Watoto wavae fulana za mikono mirefu hata ndani ya maji, na viatu vya plastiki, maana ukikanyaga urchini wa baharini, yule mwenye miiba myeusi, safari imekwisha. Na msichukue kombe hata moja. Mkiwa huko mwezi wa Juni au Julai mnaweza kubahatika: watu wa Ushongo wanaotunza kasa huhamisha mayai kutoka Maziwe kabla bahari haijayazamisha, wanayafukia pwani kwao, na siku yakianguliwa hukaribisha watu watazame vitoto vikikimbilia maji.

Siku ya tatu jioni pandeni mashua ya mtoni, taratibu, mpite mikoko na minazi. Hapo mama anaweza kwenda; ombeni mpandie pale penye gati. Mikono isitoke nje ya mashua, kuna mamba.

Bibi, samahani kwa uwazi wangu. Nimeona picha za Pangani. Kuta zimeanguka, mabati yameota kutu. Bagamoyo iko mlangoni kwangu na majumba yake yametengenezwa. Kwa nini nitumie siku tatu na nauli kubwa kwenda kutazama kubomoka?
Kijana wa Tegeta, Dar es Salaam

Kwa uwazi hukunikosea, mjukuu wangu. Bagamoyo nenda, ni haki yako. Wajerumani waliifanya makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam mwaka 1891, na ya kuona hayakosi. Ila nitakueleza kitu ambacho Bagamoyo haiwezi kukupa.

Simama mbele ya mto Pangani, uso kwa bahari. Agosti 1888, Sultani wa Zanzibar akiwa ameikodisha pwani kwa kampuni ya Kijerumani, wakala wa kampuni aliyeitwa Emil von Zelewski alikuja hapa kutaka bendera ya kampuni ipepee na wakubwa wa mji wamtii. Pangani ikakataa. Moto ulioanzia hapa ukaenea pwani nzima, kutoka Tanga hadi Mikindani, na kiongozi aliyejulikana kuliko wote alikuwa mtu wa Pangani, Bushiri bin Salim. Serikali ya Berlin ilibidi imlete Hermann Wissmann na askari wa kukodi na mizinga. Pangani ilichukuliwa Julai 1889. Bushiri alisalitiwa, akakamatwa, akanyongwa hapa hapa tarehe 15 Desemba 1889. Na Zelewski? Aliponea Pangani, akaja kuuawa na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo, Agosti 1891. Ukisoma haya darasani ni mstari mmoja. Ukiyasoma umesimama mahali penyewe, miguu inapata ganzi.

Kisha geuka uangalie ng'ambo, Kikokwe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa kule ng'ambo. Kutoka miche hiyo 62 ndiko yalikotoka mashamba yaliyojaza Tanga, Korogwe na Morogoro, manamba waliotolewa Kigoma, Songea, Burundi mpaka Msumbiji, reli, na ule mwaka 1964 ambapo nchi hii ilitoa zaidi ya tani 200,000 za katani. Babu yako au wangu, mmoja wao alikata mkonge. Ulianzia pale unapopaona kutoka kivukoni.

Sasa kuhusu kubomoka. Nalia nalo mwenyewe, kwa hiyo sitakuambia ufumbe macho. Lakini ujue unachokiona. Nyumba za Pangani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa magogo ya minazi. Dari ni boriti za mikoko, na mkoko haurefuki upendavyo, ndiyo maana vyumba vyote ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu, na virefu kama korido. Jumba likiwa kubwa vipi, upana wa chumba umeamuliwa na mti. Ukuta wa namna hii unapumua: unameza unyevu wa masika na kuutoa kiangazi. Akija mtu akaupiga plasta ya saruji ili ung'ae, unyevu unakosa pa kutokea, jiwe linaoza ndani kwa ndani, na baada ya miaka ukuta unaanguka mzima mzima. Nyingi ya kuta ulizoziona pichani ziliuawa na watu waliotaka kuzisaidia. Ukienda, weka kiganja kwenye ukuta wenye chokaa ya zamani saa saba mchana, halafu ukiweke kwenye ukuta wa saruji. Utaelewa bila mwalimu.

Na milango. Nyumba ya bibi yangu mzaa mama ilikuwa na mlango wa msaji, nguzo ya kati imechongwa minyororo pembeni, chini samaki wawili wamepandana mkia kwa kichwa, juu maua. Nikiwa mdogo nilikuwa natia kidole kwenye jicho la samaki wa kushoto kila nikipita. Likawa laini kuliko sehemu zote. Mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza, mnunuzi mmoja alikuja na lori, mjomba akauza. Mahali pake pakawekwa bati. Hela zenyewe zilikwisha kwenye harusi. Siku hizi sijui jicho lile linatazama sebule ya nani. Kwa hiyo ukija ukaambiwa na mtu pembeni kwamba kuna mlango au kasha la kale linauzwa, mwambie hapana kwa heshima. Na usiokote jiwe.

Fedha yako iache kwa mama anayepika. Tafuta bada, ugali wa muhogo, kwa samaki wa chukuchuku. Au wali wa nazi kwa pweza. Asubuhi kula vitumbua vikitoka jikoni, usingoje saa tatu. Ni mji wa Kiislamu wenye haya: pwani vaa upendavyo kiasi, mjini funika mabega na magoti. Dada zako wabebe kanga, moja ya kujifunga na moja ya akiba.

Bibi, mwanangu wa miaka 10 alisikia kwamba Boma la Pangani lilijengwa na watumwa waliofukiwa wazima ndani ya nguzo. Ameanza kuota usiku. Nimfute safarini, au nimdanganye kwamba si kweli?
Mama wa mmoja, Arusha

Usimfute, mwanangu, na usimdanganye.

Boma ni lile jumba kubwa lenye milango iliyochongwa. Wenyeji wanasema lilijengwa na Mwarabu mwaka 1810, na Wajerumani wakaja kulibadilisha na kulitumia kwa utawala. Hadithi ya nguzo hata mimi nilisimuliwa, na bibi yangu alikuwa anaishusha sauti akifika hapo. Mwambie mtoto ni simulizi ya wazee. Halafu mweleze kwa nini watu waliisimulia vizazi na vizazi: kwa sababu yale ambayo kila mtu aliyaona yalikuwa mabaya kiasi hicho. Misafara ilitoka bara, kwenu huko juu na Umasaini na Usambara, ikiteremka na pembe za ndovu na watu. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa na Sultani Barghash mwaka 1873, lakini hapa ukingoni mwa mto kulikuwa na mashamba ya miwa, na miwa haikujilima.

Na hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya watu wa Pangani hawapendi nilitaje. Bushiri niliyemsifu hapo juu, ambaye nampenda kwa kusema hapana, naye alikuwa na shamba la miwa, na waliolilima walikuwa watumwa. Nilipolijua hili nilikuwa mtu mzima, nilikaa siku nyingi sina raha. Sasa nawaambia wajukuu zangu yote mawili kwa pumzi moja, na nimegundua watoto wanaliweza kuliko sisi. Mjukuu wangu mmoja, alipokuwa na umri wa mwanao, aliniuliza tu: "Na wale watumwa, wakati wa vita walikuwa upande wa nani?" Hilo ndilo swali la kuchukua Pangani.

Kwa ndoto zake: mpeleke Bomani asubuhi jua likiwaka, si jioni. Aiguse nguzo mwenyewe. Akitaka kuomba dua au kusema neno kwa wale waliokufa, mwacheni aseme. Kisha moja kwa moja mpeleke pwani aoge. Mtoto aliyesimama mbele ya kitu akakigusa haoti nacho kama yule aliyekisikia kupitia ukutani.

Shikamoo Bibi. Naandika kutoka Muscat. Nyanya yangu mzaa baba alizaliwa Pangani akaondoka akiwa msichana. Kiswahili chake ndicho alichonifundisha. Amefariki mwaka jana. Nina likizo ya siku tano, nataka kuiona nyumba yao. Sina anwani. Nianzie wapi?
Mjukuu, Muscat

Marahaba, na Mungu amrehemu nyanya yako. Kiswahili chako kizuri, amekufanyia kazi.

Anwani usiitafute, mitaa imebadilika majina na watu wetu hawakai kwa namba. Njoo na majina: la nyanya, la baba yake, la mama yake, na hasa jina la utani la babu yake kama unalijua, maana wazee wanakumbuka jina la utani wakati la kweli limepotea. Njoo pia na jina la kazi: alikuwa na duka, shamba la nazi, mashua? Fika siku ya Ijumaa. Baada ya sala usiondoke na wengine, keti barazani na wazee, mwamkie kila mmoja, ueleze wewe ni mtoto wa nani. Usiwe na haraka. Watakuuliza maswali ambayo unaona hayahusiani, wanakupima nasaba. Wanawake usiwasahau: mwombe mzee mmoja akupeleke kwa mkewe au dada yake. Nyanya yako alicheza na wasichana, si na wavulana, na aliyebaki hai miongoni mwao ndiye anayejua nyumba.

Ukionyeshwa nyumba, kuna jambo moja la kulitanguliza kabla hujavuka kizingiti. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba mengi ya kupangisha nchini, na nyumba nyingi za mji wa kale zimepita mikono mingi tangu hapo. Anayeishi humo leo huenda alizaliwa humo. Akimwona mgeni wa Uarabuni anapiga picha ukuta, usingizi unamruka: huyu amekuja kudai. Kwa hiyo simu ibaki mfukoni. Piga hodi, subiri, sema mapema na waziwazi kwamba hudai kitu, umekuja kumtazamia nyanya yako mahali alipolelewa. Nimemsindikiza mgeni mmoja kwa namna hii. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alisimama mlangoni amekunja mikono mpaka aliposikia maneno hayo. Akaitupa mikono, akasema, "Mbona hukusema tangu kule njiani? Ingia, ndani kuna kisima, bila shaka alikichota." Wakaenda wote wawili uani.

Lete picha ya nyanya, kubwa, iliyochapishwa. Ukiwa na nakala ya pili, waachie wenye nyumba.